Si Mimi, Ni Kiapo

Mitaa ya Eastlands imebeba majina ya watu ambao wakazi wake hawawajui. Konda akiita Ofafa au Mbotela pale Jogoo Road, abiria anajua atashukia wapi, basi. Hakuna anayeuliza kama Ofafa alikuwa mtu. Alikuwa mtu. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, Mjaluo, na aliuawa siku za Hali ya Hatari. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, alitoka katika ukoo wa Freretown, ukoo ule ule uliotupa kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Yeye aliuawa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba. Vifo vyote viwili viliwekwa kwenye hesabu ya Mau Mau, na serikali ya kikoloni ikawapa marehemu mitaa: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo, Mbotela. Kisha Uhuru ulipokuja, jenerali wa Mau Mau naye akapewa barabara. Ndiyo hiyo General Waruinge inayopita kando ya Gikomba na Pumwani ikielekea Eastleigh. Kwa hiyo leo waliouawa na upande wa waliowaua wanakaa kwenye ramani moja, mwendo wa mguu, na hawasumbuani.

Swali ambalo ramani haijibu ni hili: vijana wa mjini waliotumwa kufanya kazi zile walitenda, au walitendeshwa? Kiswahili kinatupa vitenzi viwili vinavyofanana kama mapacha, na kati yao kuna tofauti ya uhai na kitanzi. Serikali ilisema walitendeshwa na kiapo. Mahakama zake zilisema walitenda, zikawanyonga. Wenyewe walisema hili au lile kutegemea ni nani aliyekuwa amesimama mbele yao na alikuwa ameshika nini.

Msomaji anayependa sinema za mashujaa analijua swali hili kwa sura nyingine. Waliokulia kwenye video za mtaani, benchi la mbao na pazia la gunia dirishani, DJ Afro akiwaeleza kwa Kiswahili chake nani ni staringi na nani ni adui, walishazoea kanuni moja: staringi hawezi kuua mtu asiye na hatia. Akiua, lazima kuwe na maelezo. Maelezo yanayopendwa siku hizi ni kwamba alikuwa ametekwa akili. Bucky Barnes, rafiki wa Captain America, aliua watu kwa miongo mingi kwa sababu walimfuta kumbukumbu, wakampandikiza maneno ya Kirusi ambayo yakisomwa kwa mpangilio anageuka mashine. Katika filamu ya Avengers ya 2015, Hulk anaubomoabomoa mji wa Johannesburg baada ya Wanda kumvuruga akili, na filamu inaendelea na safari yake bila kuwauliza watu wa Johannesburg wanaonaje. Katika vitabu vya Harry Potter kuna laana iitwayo Imperius, inayomfanya mtu atii amri kama kikaragosi. Mwandishi J. K. Rowling aliongeza jambo la busara pale ambapo wenzake wengi hawakuongeza: bwana mkubwa alipoanguka, wafuasi wake matajiri kama Lucius Malfoy walijitokeza wakadai walikuwa wamerogwa, na wakaachiliwa. Laana ilikuwepo kweli. Waongo nao walikuwepo. Hakimu hakuwa na kipimo cha kutenganisha.

Mtaani hatuhitaji Imperius. Tuna neno letu: amekaliwa. Mwanamume akianza kupeleka mshahara wote nyumbani, akaacha kupitia baa, wenzake wanatikisa vichwa: huyo amekaliwa, amelishwa chapati iliyokaliwa. Hakuna anayefikiria kwamba labda jamaa ameamua tu. Tunacheka, lakini ndani ya utani huo kuna nadharia nzima ya akili: mtu akibadilika kwa namna ambayo hatuitaki, lazima kuna mkono wa mtu mwingine ndani yake. Serikali ya kikoloni ilifikiria vivyo hivyo kuhusu Wakikuyu wa Nairobi. Tofauti ni kwamba ilikuwa na bajeti.

Sasa hebu tukiangalie kiapo chenyewe. Kabla ya miaka ile, kiapo katika mila ya Wakikuyu kilikuwa jambo la mchana na la hadharani. Watu wazima waliapa mbele ya wazee kumaliza kesi ya shamba au ya wizi, kila mmoja akijua anachotia mdomoni. Kiapo kilichoenea Nairobi kuanzia 1950 hivi kilikuwa cha usiku. Mtu alialikwa kunywa chai au kuhudhuria karamu, akajikuta ndani ya chumba chenye upinde wa majani ya migomba, nyama na damu ya mbuzi, udongo, na watu wenye panga. Maneno yalikuwa yale yale kwa maana: nikiwasaliti wenzangu, nikiuza ardhi, nikifichua siri, kiapo hiki kiniue. Kulikuwa na kiapo cha umoja, ambacho watu wa kila aina walikula, wake kwa waume, na kulikuwa na kile kikali zaidi, cha batuni, cha wanaokwenda kupigana. Nyuma ya mtandao wa mjini walikuwepo watu wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na chama chake cha madereva na wenzake kina Bildad Kaggia. Madereva wa teksi walijua kila kichochoro, na usiku wa Nairobi ulikuwa wao.

Wengi walilazimishwa. Hili lisemwe wazi, maana siku hizi limekuwa kama tusi kwa mashujaa. Aliyekataa alipigwa, na wapo waliouawa. Lakini wengine walikwenda kwa miguu yao, na wengine walilazimishwa usiku, wakakubali asubuhi. J. M. Kariuki, ambaye alikaa kizuizini miaka 7 na kupitia kambi 14, ameeleza kiapo chake katika kitabu cha 1963, Mau Mau Detainee. Anasimulia hofu iliyochanganyika na furaha, na nguvu mpya aliyoisikia baadaye. Hayo si maneno ya mtu aliyelala na kuamka bila kumbukumbu. Ni maneno ya mtu aliyesukumwa mlangoni, na alipoingia akaona chumba ni chake.

Halafu kuna hesabu. Makadirio ya wakati ule yalisema Wakikuyu walioapa walifika tisa katika kumi. Waliopigana msituni na mijini hawakuzidi makumi machache ya maelfu. Askari wengi wa home guard, waliowawinda Mau Mau, nao walikuwa wamekula kiapo. Kama kiapo kingekuwa kama maneno ya Kirusi ya Bucky, hesabu hii isingewezekana. Kiapo kile kile kilimpeleka mmoja msituni, mwingine akakibeba kwenda kazini Industrial Area kila asubuhi kwa miaka, na wa tatu akakitema akachukua bunduki ya serikali. Na afisa wa Kiingereza Frank Kitson alipoanza kuwakamata wapiganaji na kuwageuza wawawinde wenzao, alishangaa jinsi walivyogeuka upesi. Ameandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1960.

Kwa hiyo kiapo kilikuwa na nguvu gani? Nguvu ya hofu, ya aibu, ya mababu, ya wenzako wanaojua mlango wako. Ni nguvu nyingi. Lakini zote zinapita kwenye fikra za mtu; zinamwachia nafasi, hata kama ni nyembamba kama ule ufa wa mlango wa mabati unaoingiza mwanga.

Serikali haikutaka kusikia habari ya ufa. Ilimwita daktari. J. C. Carothers alikuwa ameongoza hospitali ya akili ya Mathari, upande wa pili wa bonde ukitoka Eastleigh, kisha akarudi Uingereza na kuandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Akaletwa tena, na mwaka 1954 mpiga chapa wa serikali Nairobi akatoa kijitabu chake, The Psychology of Mau Mau. Kwa kifupi, alisema Mkikuyu amevunjika kati ya dunia mbili, amepoteza mila na hajapata ustaarabu, na katika hali hiyo ya wasiwasi kiapo kinamshika na kumtenga na watu wake. Mau Mau basi ni ugonjwa. Na mgonjwa hana madai, ana dalili.

Unaona urahisi wake? Mwaka huo huo wa 1954, kamati ya serikali yenyewe iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika na kukiri kwamba mshahara ulipangwa kwa mtu mmoja asiye na familia, na hata huyo mmoja haukumtosha. Ukitaka kujua kwa nini kijana wa Pumwani alikuwa na hasira, jibu lilikuwa kwenye ripoti ya mishahara: vitanda vilivyopangishwa kwa zamu, mke aliyebaki kijijini, shamba lililochukuliwa. Nyaraka mbili, mji mmoja, mwaka mmoja. Moja inasema watu hawa hawana chakula cha kutosha na nyingine inasema wamerogwa.

Tena haikuwa fikra ya Nairobi pekee. Neno la Kiingereza la kuoshwa ubongo lilisambazwa na mwandishi wa habari Edward Hunter mwaka 1950, akizungumzia Uchina. Januari 1954, wanajeshi 21 wa Marekani waliokuwa mateka Korea walikataa kurudi kwao, na Marekani nzima ikashikwa na kiwewe: kama kijana wetu amechagua Ukomunisti, basi hakuchagua yeye, wamemfanyia kitu kichwani. Kutoka kiwewe hicho ndiko ilikotoka riwaya ya The Manchurian Candidate ya 1959, yenye mwanajeshi anayegeuzwa muuaji bila kujua, na kutoka huko mstari unanyooka hadi kwa Bucky, ambaye kama Winter Soldier aliingia kwenye vitabu vya katuni mwaka 2005. Yaani yule shujaa aliyetekwa akili tunayemtazama kwenye simu ndani ya matatu ni ndugu wa baba mmoja na mwana-Mau Mau wa Carothers. Wote walizaliwa kwa sababu dola kubwa ilishindwa kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuikataa.

Miezi mitatu baada ya wale mateka 21, ikaja Jumamosi ya tarehe 24 Aprili. Kabla jua halijatoka, Jenerali George Erskine aliufunga mji kwa askari wapatao 25,000. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil. Magari ya vipaza sauti yalipita Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Bahati, Kariokor, yakiwaamuru watu watoke na mzigo mmoja. Nyumba baada ya nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na majirani zao, wakapakiwa malori. Wanawake na watoto walirudishwa mashambani kwa maelfu, na wanaume wakapelekwa kuchujwa Langata. Operesheni ilipokwisha mwezi uliofuata, watu zaidi ya 20,000 walikuwa kizuizini, wengi wao Mackinnon Road na Manyani. Eastlands ilibaki na nafasi za kazi na vyumba vitupu, na wapo waliohamia humo wakashukuru Mungu. Hilo nalo ni la historia ya mitaa yetu, ingawa mzee wa Kaloleni hatakuanzia hapo akikusimulia.

Kwenye uchujaji alikuwepo mtu wa gunia. Kwa Kikuyu aliitwa gakunia: mtoa habari aliyefunikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Foleni ilipita mbele yake. Akitikisa kichwa hivi, unaenda upande ule. Akitikisa vile, upande huu. Hakuna mashtaka, hakuna shahidi wa kuhojiwa. Ndani ya gunia alikuwepo mtu wa mtaa, anayekujua, ambaye mara nyingi alikuwa amekula kiapo kile kile, kisha akahojiwa kwa namna ambayo iliwageuza watu. Na yeye akiulizwa atasema nini? Atasema si mimi. Walinilazimisha. Ukimsamehe aliyeapa kwa panga shingoni, utamfanyaje aliyetikisa kichwa baada ya siku tatu za kiboko? Naona watu wengi wakijibu haraka sana, kwa kufuata upande ambao babu yao alikuwa.

Twende mahakamani. Sheria iliyoletwa na Waingereza, na ambayo tunaitumia hadi leo, ina kifungu kuhusu kulazimishwa. Ni cha 16 katika Kanuni ya Adhabu. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba husamehewi kwa kosa ulilotenda na wenzako isipokuwa kama wao wenyewe walikuwa wakikutishia kifo au majeraha mabaya ya papo hapo, muda wote ulipokuwa ukitenda. Tishio la madhara ya baadaye halikubaliki. Sasa kiapo ni nini kama si tishio la baadaye? Kiniue, siku moja, mahali fulani, nikivunja. Kwa kipimo hicho mtu aliyeapa alikuwa huru kabisa. Hakuwa na kisingizio hata kidogo. Na kwa sheria za Hali ya Hatari, kulisha watu kiapo kukawa kosa la kunyongwa. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau.

Kwa hiyo dola moja ilikuwa na watu wawili ndani ya mwili mmoja. Kizimbani ulikuwa mtu mzima uliyetenda kwa hiari, shingo yako ni halali. Kizuizini ulikuwa mgonjwa, mtu asiye na akili zake, na kwa hiyo hukuhitaji kufikishwa mahakamani, maana nani anamshtaki mgonjwa? Ungekaa mpaka upone. Mantiki hizi mbili haziwezi kusimama pamoja. Zilisimama pamoja kwa miaka mingi.

Kupona kulikuwa na njia yake. Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyezaliwa Kabete na kuzungumza Kikuyu kama mwenyeji, alishauri kwamba kiapo kile kilivunja mila yenyewe, kwa kuwa kililishwa usiku na kwa nguvu, na kwa hiyo kingeweza kutakaswa kimila. Thomas Askwith, ambaye kabla ya hapo alikuwa afisa wa baraza la mji akishughulikia mambo ya Waafrika wa Nairobi, yaani mitaa hii yetu, alitumwa Malaya mwaka 1953 kuona jinsi wafungwa wa huko wanavyogeuzwa. Alirudi na mpango wa elimu, kazi na ushauri. Msingi wa yote ukawa kukiri. Utapike kiapo, kama mtu aliyekula sumu. Waliofungwa walipangwa kwa rangi: weupe waliokiri, wa kijivu waliosita, weusi waliokataa. Ulisogea kutoka kambi moja hadi nyingine kuelekea nyumbani kadiri ulivyokiri. Wafungwa na maafisa waliita njia hiyo bomba.

Hapa ndipo jambo lilipogeuka kuwa la ajabu. Nauli ya kutoka kizuizini ilikuwa sentensi moja: nilidanganywa, nililazimishwa, haikuwa mimi. Ungesema nilikula kiapo kwa sababu ardhi ya baba yangu ilichukuliwa, na ningekula tena, wewe ni mweusi, unabaki. Mtu alitakiwa aikane akili yake mwenyewe ndipo arudishiwe mwili wake. Lucius Malfoy alisema uongo ili aokoke, lakini hakuna aliyempiga ili auseme.

Na ukitafuta Kenya ya miaka ya hamsini kitu kinachofanana kweli na kile kiti cha Bucky, na watu wanaovunjwa mpaka waongee kwa sauti ya mwingine, hukipati kwenye chumba cha kiapo cha Shauri Moyo. Unakipata Manyani na Mwea. Mwaka 1957 kambi za Mwea zilianza kuwachanganya wagumu wachache na waliokwisha kukubali, wakivunjwa kwa nguvu tangu siku ya kuingia. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Waliokufa walikuwa wale ambao kwa miaka mingi walikataa kulipa ile nauli.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona hili mapema kuliko wanahistoria. Katika A Grain of Wheat, riwaya ya 1967, Gikonyo anakiri kiapo ili arudi kwa mkewe, na anarudi akiwa mtu aliyejisaliti. Mugo hakiri kitu, anapigwa, anatukuzwa kama shujaa wa ukimya, kumbe hakiri kwa sababu hakuwahi kula kiapo. Na dhambi yake halisi, kumuuza Kihika, aliitenda akiwa mzima, hakuna aliyemshika mkono. Nikilinganisha na filamu zote nilizozitaja, bado naona hakuna iliyolishughulikia swali hili kwa ukali wa kitabu hicho. Filamu inataka kujua kama shujaa ni safi. Ngũgĩ hana haja na usafi. Anataka kujua mtu ataishije na jirani.

Baada ya Uhuru sentensi ilipinduliwa. Ghafla hakuna aliyewahi kulazimishwa. Kila mtu alikula kiapo kwa moyo mkunjufu, kila mtu alipeleka chakula msituni, na mtu wa gunia akayeyuka kama chumvi. Naelewa kwa nini: kukiri kwamba babu aliburutwa ilikuwa kama kukubali maneno ya Carothers. Lakini gharama yake tumeilipa. Tumebaki na mashujaa wasiowahi kuogopa, ambao hawawezi kutufundisha chochote kuhusu kuogopa. Na tumebaki na kina Ofafa na Mbotela kama majina ya steji.

Fidia ya Uingereza ya Juni 2013, pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, ilihusu mateso ya kambini, na ilistahili kuja mapema zaidi. Haikuhusu mambo kati ya jirani na jirani. Kwa hilo, cha ajabu, ni filamu iliyokaribia zaidi. Katika mfululizo wa The Falcon and the Winter Soldier, wa 2021, Bucky ameshaponyeshwa Wakanda, maneno ya Kirusi hayamgusi tena, sheria imemsamehe. Lakini ana orodha ya majina, na kwenye orodha yumo mzee ambaye mwanawe aliuawa na Bucky. Bucky anakula naye kila wiki bila kumwambia. Hana hatia, na bado anadaiwa. Hilo ni deni la aina gani? Nadhani ni deni la kueleza. Mzee hakuhitaji Bucky afungwe. Alihitaji kujua mwanawe alikufaje na nani alikuwepo. Mtu aliyetendeshwa anaweza asistahili adhabu, lakini yeye ndiye shahidi wa karibu kuliko wote, na ukimya wake unaua mara ya pili. Kwa waliotenda kwa nusu hiari, kama wengi wa Eastlands walivyokuwa, deni hilo linakua.

Watetezi wa ukimya watasema tuliyaacha ili tujenge taifa. Basi tuangalie 1969. Tom Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa baraza la mji na kiongozi wa wafanyakazi, mbunge wa Kamukunji, alipigwa risasi mjini tarehe 5 Julai. Wiki zilizofuata, Wakikuyu wengi wakaanza kubebwa kwenda Gatundu "kunywa chai". Chai ilikuwa kiapo: uongozi usitoke kwetu. Wengine walikwenda kwa hamu, wengine kwa kuogopa, wengine walitolewa nyumbani au kazini. Makanisa yalipinga hadharani. Na wale waliolazimishwa walikutana na kifungu cha 61 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kimo humo hadi leo, na ambacho kinasema aliyekula kiapo haramu hawezi kujitetea kwamba alilazimishwa isipokuwa kama katika siku chache zilizowekwa alijitokeza mwenyewe akaeleza yote anayoyajua. Aeleze kwa serikali. Na waliomwita kwenye chai ndio walikuwa serikali.

Kwa hiyo walirudi mjini usiku, wakateremka Bahati, Pumwani, Jericho, na asubuhi wakasimama kwenye foleni ya basi pamoja na majirani zao Waluo.